Papa Ignace na Mfuko Mkubwa wa Rangi

Niseme mapema kabisa ili tusije kukoseana heshima: yale magauni tisa nilishona mimi, Biubwa, kwa mikono yangu na cherehani yangu, na kijani chake kilikuwa kijani cha kasuku. Sikushona rangi ya sombe, hicho kisamvu cha Wakongo. Mtu yeyote wa Joubert Park akikwambia fundi Biubwa alishona sombe, mlete Doornfontein, hapahapa Johannesburg, ghorofa ya pili, kwenye mlango ulioandikwa "Fundi na Foto". Mabaki ya kitambaa ninayo mpaka leo.

Fundi ni mimi. Foto ni Papa Ignace, Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, mwenye tumbo linalotangulia mlangoni. Mwaka wa saba huu tunagawana chumba kimoja na birika moja la chai. Asubuhi hukaa upande wake wa pazia la bluu akipiga watu picha za pasipoti. Ikifika saa sita huteremka bustanini na kamera shingoni, kwa sababu watu wetu hupenda kupigwa picha wakiwa wamesimama kwenye majani, nguo zimenyooka, kisha picha iruke kwenye simu iende nyumbani. Mteja akinuna, Papa Ignace humwambia, "Cheka kidogo, mama yako iko nakuangalia." Hata wenye sura za mabaunsa hucheka.

Na mteja akitaka, humbadilishia nyuma yake. Umesimama mbele ya ukuta uliobanduka rangi, dakika kumi baadaye uko mbele ya chemchemi au jumba lenye nguzo. Kazi hiyo anaijua vizuri mno. Ndiyo iliyomponza.

Miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa mgeni hapa, alilala kwenye godoro la Aloys, Mrundi aliyekuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo usiku godoro lilikuwa wazi. Dada yake mkubwa, Murielle, akamwomba picha kutoka Lubumbashi, wamwone kama yu mzima. Papa Ignace akajitazama kwenye kioo, akaona hali yenyewe si ya kuonyesha dada. Akaazima viatu vya Aloys, akajipiga picha, akajikata, akajibandika mbele ya nyumba nyeupe na gari jekundu. Hata kivuli alikiweka. Kule walishangilia wiki nzima.

Miezi mitatu baadaye mama yao akafariki. Papa Ignace hakuwa na karatasi za kuvukia mpaka wala nauli, akakosa mazishi. Murielle akamtumia ujumbe mmoja tu: "Mutu wa gari nyekundu anakosa kuya kuzika mama yake?" Baada ya hapo kimya, miaka yote hiyo. Mimi alinisimulia mara moja tu, akijifanya anafuta lenzi, na lenzi ilikuwa safi tangu asubuhi.

Sasa binti yake Agnès akapata mchumba, Cédric, kijana mpole wa Kensington anayetengeneza friji. Na kwao binti hatoki nyumbani kwa baba mpaka shangazi yake, dada wa baba, aseme neno lake, akiwa amevaa sare ya harusi pamoja na wanawake wa ukoo. Shangazi wa Agnès ni Murielle, hakuna mwingine. Agnès hakumwuliza baba yake. Alichukua simu akamtumia shangazi sauti, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Tantine, bila neno yako mi sitoki nyumbani. Nitazeeka hapa na Papa."

Siku tatu hakuna jibu. Ya nne, asubuhi, simu ya Agnès ikalia akiwa kwenye chumba chetu, mimi napima kiuno chake. Ujumbe wenyewe: "Sare ni rangi gani?"

Ee Mola wangu! Papa Ignace alicheza. Mtu mwenye tumbo lile aliruka, akakanyaga waya wa pasi yangu, pasi ikaanguka, na wala sikumgombeza. Agnès alinikumbatia na utepe wa kupimia shingoni. Tulikubaliana palepale: wanawake tisa huku, kumi na wanne Lubumbashi, nguo za rangi moja, na siku ya harusi wale wa kule waonekane kwenye skrini kubwa ukumbini, Murielle akiwa mbele, aseme neno lake.

Nikaenda mjini na Agnès tukachagua satini ya kijani. Nasema kijani! Kijani cha kasuku aliyetoka kuoga. Ukikiangalia unapata njaa ya kucheza. Kilichobaki kilikuwa kuwatumia Lubumbashi picha ya kitambaa, watafute kinachofanana sokoni kwao.

"Safari hii," Papa Ignace akaniambia, mkono kifuani, "picha ya kweli. Sipunguzi, siongezi. Yaya Murielle aone kitu vile kiko." Yaya kwao ni dada mkubwa.

Alikuwa amenunua kamera mkononi mwa mtu, kubwa, nzito, yenye vitufe vingi kuliko akili zetu wawili. Akaanza kuipekua. Ndani yake akakuta mahali panapouliza nafasi ya rangi: sRGB au Adobe RGB. Akaenda kusoma kwenye kompyuta, akarudi macho yamemtoka.

"Mama Biubwa, tazama. Kuko mbili. Ile ya kwanza ni ya mudogo. Ile ya pili ni ya mukubwa, inabeba rangi mingi, zaidi sana kijani."

"Na wewe umechagua ipi?"

"Eh! Mi niko mutoto?"

Hapa lazima umwelewe. Watu wetu wote tumefunga mizigo pale Park Station. Basi la Lubumbashi halijali ukubwa wa mfuko wako, linahesabu mifuko. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayechukua mfuko mdogo. Unachukua ule mkubwa wa mistari, unashindilia blanketi, sufuria, viatu vya watoto, unakaa juu yake mpaka zipu ikubali. Papa Ignace amefunga mifuko ya namna hiyo miaka na miaka. Akiambiwa kuna nafasi kubwa na nafasi ndogo, na bei ni ileile, unategemea achague nini? Hata mimi ningechagua kubwa, na nilimwambia hivyo, na sitaki kukumbushwa.

Akapiga picha ya kitambaa dirishani, kwenye jua. Kwenye kompyuta yake ilipendeza kuliko kitambaa chenyewe. Ilikuwa nzito kutuma, akaipitisha kwenye programu ya kupunguza uzito, akaituma. Jibu likarudi siku mbili baadaye: "Tumepata. Tunashona."

Nami nikashona. Wiki mbili nilikula kijani, nililala kijani.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Murielle akatuma picha. Wanawake kumi na wanne wamejipanga uani, magauni yamekamilika, mishono mizuri, nawasifu mafundi wa kule, mikono imekaa sawasawa. Lakini rangi! Rangi ya sombe. Na si sombe ya leo, ni ile iliyopashwa moto mara ya tatu, kijani kimekata tamaa.

Tukaitazama, Papa Ignace, Agnès na mimi, vichwa vitatu juu ya simu moja.

"Ni simu yao," Papa Ignace akasema haraka. "Kamera ya ile simu ni mubaya."

Tukakubali kwa sababu tulitaka kukubali. Lakini siku hiyohiyo tulikuwa na safari ya Kensington kuchukua kadi za harusi, ambazo Papa Ignace alizitengeneza kwa picha ileile ya kitambaa. Pale kwenye duka la kuchapishia yupo Tania, binti wa Kirundi asiyekubali upuuzi. Akatuwekea boksi mezani, akafungua. Kadi mia moja na ishirini, zote sombe.

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu. Agnès akanifuata. Papa Ignace peke yake hakucheka, maana sasa hakuwa na simu ya Lubumbashi ya kusingizia.

"Papa," Tania akauliza, "picha hii umeipiga kwa nafasi gani ya rangi?"

"Ile mukubwa," akajibu kwa sauti ndogo.

"Eish, Papa!" Akavuta kiti. "Sikiliza. Picha ndani yake ni namba tu. Namba inasema, hapa weka kijani kiasi hiki. Sasa mia mbili ya nafasi kubwa ni kijani kikali zaidi kuliko mia mbili ya nafasi ndogo. Picha hubeba kibandiko kinachosema imepigwa kwa ipi. Kompyuta yako inasoma kibandiko. Lakini wewe umeipitisha mahali kikabanduka, na bila kibandiko simu na mashine yangu zinadhani ni ile ndogo. Zinasoma namba zilezile, zinaweka kijani dhaifu."

Papa Ignace alikuwa bado anapepesa macho, lakini mimi nilishaelewa, tena vizuri sana. Mteja ananiandikia kiuno thelathini na sita, hasemi inchi wala sentimita. Yeye ana inchi kichwani, mimi nakata sentimita. Namba ni moja, na gauni halimwingii hata paka.

"Kwa kitu cha kutuma kwenye simu za watu," Tania akamalizia, "chagua sRGB. Kila simu inaijua. Ile kubwa ni ya mtu aliye na mashine zinazoielewa mwanzo hadi mwisho."

"Kwa hiyo," Papa Ignace akasema polepole, "mara ya kwanza nilituma uongo, wakaona ukweli. Sasa nimetuma ukweli, wanaona sombe."

Hapo na yeye akacheka, lakini kicheko kilikuwa na maji ndani yake. Alikuwa anaogopa, na aliniambia hivyo njiani. Murielle akijua kwamba picha ya ndugu yake imemdanganya tena, atafunga mlango, na safari hii hatafungua. Na Agnès hatapata neno.

Tuliporudi Doornfontein, Papa Ignace akakaa kwenye kompyuta, akafungua picha ya wale wanawake kumi na wanne, akashika mahali pa kurekebisha rangi, akavuta kidogo kulia. Wallahi, sombe ikawa kasuku. Wote kumi na wanne, mara moja, kama umewamwagia rangi.

Tulipiga makofi. Mimi wa kwanza, sijifanyi malaika. Agnès akaruka. "Papa, that's it! Hata kwenye skrini utafanya hivyo, si ndiyo? Tantine hatajua."

"Nitafanya," akasema. "Ni rahisi."

Lakini mkono wake ukabaki palepale. Akawa anamtazama Murielle kwenye skrini, amesimama mbele ya wenzake, kidevu juu, kijani cha kasuku mwilini ambacho hakuwahi kukivaa. Kisha akarudisha. Sombe.

"Ni mukono uleule," akasema.

"Mkono gani?" nikamwuliza.

"Uleule uliobandika gari." Akachukua simu, akaiweka kwenye spika juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya pini na chaki. "Nampigia."

Sikumkataza. Nilizima cherehani. Agnès alishika kona ya shela yake na kuanza kuitafuna, shela niliyoishona siku nne.

"Ignace." Sauti ya Murielle ilikuwa nene, ya mtu anayeamrisha uani kwake. "Kuko nini?"

"Yaya. Ile sare mulishona. Rangi haiko sawa. Kosa ni yangu."

"Kosa namna gani?"

Akaeleza. Jamani, alieleza vibaya! Alichanganya mifuko ya Park Station na vibandiko na inchi zangu, nusu Kiswahili nusu Kifaransa. Nilitamani kumpokonya simu. Mwisho Murielle akamkata.

"Unasema ile kitambaa yenu haiko ya sombe?"

"Hapana, Yaya. Ni ya kasuku."

Kisha sauti ikashuka. "Tena, Ignace? Tena unanitumia picha ya uongo?"

Nilimwona akifungua kinywa. Programu ilikuwa na lawama zake, kibandiko kilikuwa na lawama zake, angeweza kuvisukumia kosa. Agnès alikuwa anamtikisia kichwa: sema ni mtandao, Papa, sema ni mtandao.

"Tena," akasema. "Ila hii sikukusudia, Yaya. Ile ya kwanza njo nilikusudia."

"Ya kwanza gani?"

"Ya gari. Gari haikukuwa yangu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Haikukuwa ya mutu. Ni ya kompyuta."

"Na nyumba?"

"Ya kompyuta."

"Na zile viatu?"

"Za Aloys."

Nikasogeza sikio kusikiliza kama simu imekata.

"Na tumbo?" Murielle akauliza.

"Tumbo ilikuwa yangu, Yaya."

Kikaanza kitu ndani ya simu. Mwanzo nilidhani ni mtandao unakwaruza. Kisha kikapanda, kikapasuka, kumbe mwanamke anacheka! Alicheka mpaka tukamsikia akiita watu, "Mukuye! Mukuye musikie! Tumbo ilikuwa yake!" na kule uani wakaanza na wao, na huku Agnès ameshikilia meza, mimi nimekaa chini kati ya vipande vya satini, machozi yananitiririka, chaki yote imemwagika. Papa Ignace alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja wala hakujificha.

Murielle alipopata pumzi, sauti ilikuwa nyingine. "Mama alionyesha ile picha batu bote ku hospitali. Anasema, mutoto wangu iko na gari nyekundu. Alikufa na furaha, mujinga weye. Mi njo nilibaki na hasira."

"Nisamehe, Yaya."

"Nyamaza kwanza. Sare. Batu kumi na ine bameshashona, hatubomoi kitu. Tulipoona ile rangi tulisema, bana-Johannesburg banapenda kitambaa ya mugonjwa, lakini ni ya mutoto wetu, tutavaa. Sasa tutavaa. Na weye usiguse rangi yangu ku kompyuta. Unione vile niko. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na unitumie picha yako. Bila gari."

Jumamosi ya harusi, ukumbi wa kanisa karibu na Joubert Park ulijaa mpaka ngazini. Wanawake wangu tisa waliingia, satini inawaka, watu wakapiga vigelegele. Kisha skrini ikafunguka, na Lubumbashi ikaingia: kumi na wanne, sombe tupu, wanacheza kwa mpangilio ambao sisi wa huku tusingeuweza hata kwa mwezi. Watu wakatazamana, wakajaribu kuelewa. Mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Hii ni mitindo miwili?" Nikageuka nikamwambia ndiyo, ni mitindo miwili, na mmoja nimeshona mimi.

Murielle akasogea mpaka uso ukajaa skrini. Agnès akapiga magoti. Nilikuwa nimeshona gauni lile na nilijua linaweza kupasuka magotini, lakini wakati huo, na lipasuke tu.

"Agnès, mutoto wetu," Murielle akasema. "Shangazi yako iko mbele yako. Toka nyumbani kwa baba yako. Enda na bwana yako, na amani. Na siku unapika sombe, unikumbuke."

Ukumbi ulilipuka. Cédric mpole wa friji alirusha koti lake juu na likanasa kwenye taa. Papa Ignace, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kupiga picha, alisahau kupiga. Picha ya skrini na wanawake wetu wakiwa mbele yake aliipiga baadaye, kijani cha aina mbili, kimoja juu ya kingine, na hakugusa hata kimoja.

Jumatatu akanipa kamera. "Unipige, Mama Biubwa. Ya Yaya."

Akasimama mbele ya ukuta wetu, ule uliobanduka, bila pazia. Shati lake lilikuwa limekosa kifungo pale tumboni. Vidole vikaniwasha, nikamwambia subiri dakika mbili nikushonee. Akakataa. Nikapekua mimi mwenyewe ndani ya kamera, nikahakikisha ni sRGB, nikahakikisha tena.

"Cheka kidogo," nikamwambia. "Dada yako anakuangalia."

Tukaituma. Saa nzima akajifanya anapanga karatasi. Jibu lilipokuja, lilikuwa picha ya ukuta wa sebule kule Lubumbashi. Kushoto, kwenye fremu iliyofifia, yupo yeye mbele ya nyumba nyeupe na gari jekundu. Kumbe haikuwahi kushushwa, miaka yote kumi na moja. Kando yake kulikuwa na msumari mpya, bado haujatundikwa kitu. Chini yake Murielle alikuwa ameandika maneno mawili.

"Umezeeka. Aksanti."

Papa Ignace aliyasoma, akayasoma tena, akageukia dirishani akabaki hapo. Wateja wa saa sita walimsubiri bustanini. Nikatia uzi kwenye sindano, nikaenda nikamshonea kile kifungo akiwa amesimama vilevile.